Shahada ya Usimamizi wa Biashara: Nani Anaweza Kuingia, na Akishaingia Anasoma Nini

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu hujaa picha za karatasi za matokeo. Ndugu, majirani na watoto wa marafiki huniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimepata daraja la tatu, naweza kusoma BBA? Mwanangu hakusoma Uhasibu shuleni, atapokelewa? Hiyo shahada ya biashara ina hesabu au haina? Akimaliza atakuwa mhasibu, au atafungua duka? Majibu wanayokuwa wamepewa kabla ya kunifikia huwa ama matamu mno ama machungu mno, na nimeshuhudia kijana akikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu mtu aliyemwamini alimwambia hana sifa, wakati sifa alikuwa nazo. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa kirefu.

Tuanze na maana ya maneno. Shahada ya kwanza ni ile anayosoma mtu baada ya kumaliza sekondari ya juu au stashahada, kabla ya shahada ya uzamili. Usimamizi wa biashara ni taaluma ya kuendesha shughuli inayotumia fedha, watu, vifaa na taarifa ili itoe bidhaa au huduma bila kufilisika. Shughuli hiyo inaweza kuwa kampuni, chama cha ushirika, hospitali au shirika la umma. Shahada yake kwa kawaida huitwa BBA kwa kifupi, na hufundishwa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Jirani yake wa karibu ni BCom, yaani Shahada ya Biashara, ambayo kwa kawaida huwaanzisha wanafunzi wote pamoja kisha ikawagawa katika michepuo ya uhasibu, fedha, masoko na kadhalika. Shahada ya Uhasibu ni kitu cha tatu, kwa kuwa humfunza mtu kazi moja hadi undani wake.

Namna nyepesi ya kuona tofauti hiyo ni kumfikiria nahodha wa jahazi. Nahodha si seremala aliyelijenga jahazi, wala si mshonaji wa tanga, wala si mpakizi wa shehena. Hata hivyo, maji yakianza kuingia lazima ajue ni ubao gani umeachia, na shehena ikiegemea upande mmoja lazima aone hatari kabla abiria hawajaiona. Shahada ya Usimamizi wa Biashara humwandaa nahodha, ilhali Shahada ya Uhasibu humwandaa fundi mmojawapo ambaye nahodha hawezi kusafiri bila yeye. Majina ya shahada hayafanani kila chuo, kwa hiyo mtu asichague kwa kutazama jina pekee. Aombe orodha ya masomo ya miaka yote 3 na kuisoma mstari kwa mstari.

Milango mitatu inayodhaniwa kuwa mmoja

Mkanganyiko mkubwa kabisa unatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo kila moja lina kazi yake: sifa za chini za kitaifa, sifa za programu husika, na ushindani wa nafasi. Mtu anaweza kuvuka mlango wa kwanza akakwama wa pili, au akavuka yote miwili na bado akakosa nafasi katika mlango wa tatu.

Sifa za chini hupangwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, sharti la msingi ni ufaulu wa kiwango kikuu, ule ambao wanafunzi huuita prinsipo, katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu anayoiomba, na jumla ya masomo hayo mawili isipungue pointi 4. Prinsipo ni alama yoyote kuanzia A hadi E. Alama S iko chini yake na haihesabiwi kuwa prinsipo. Katika hesabu hii ya udahili, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015 wana viwango vyao tofauti, kwa sababu madaraja ya alama yalibadilishwa kwa muda katika miaka hiyo.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea. Daraja linaloandikwa kwenye matokeo huhesabiwa kwa pointi zinazokwenda kinyume: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili ni 10 hadi 12, na la tatu ni 13 hadi 17. Kwa hiyo nyumbani tunazungumza lugha mbili za pointi kwa wakati mmoja, moja ikisema chache ni nzuri na nyingine ikisema nyingi ni nzuri, halafu tunashangaa kwa nini hatuelewani.

Tazama wanafunzi wawili waliosoma tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Wa kwanza amepata E, E na E. Wa pili amepata D, D na F. Kwa hesabu ya daraja, wa kwanza ana 5 mara 3, yaani 15. Wa pili ana 4, 4 na 7, jumla pia ni 15. Wote wawili wana daraja la tatu la pointi 15, na mtaani watahesabiwa kuwa sawa. Pengine hata wa pili ataonekana duni kwa sababu ana F. Lakini kwa hesabu ya udahili, wa kwanza masomo yake mawili bora yana pointi 2 tu, hivyo hana sifa za chini. Wa pili ana D mbili, yaani pointi 4, na mlango wa kwanza uko wazi kwake. Nimewaeleza wazazi jambo hili nikiwa na kalamu na karatasi, na karibu kila mara huniomba nirudie hesabu kutoka mwanzo, maana walikwisha kumkatia tamaa mtoto mwenye F. Kwa sababu hiyo, swali la daraja la tatu na BBA halijibiki mpaka mtu aone alama za kila somo.

Mlango wa pili ni sifa za programu yenyewe. Chuo kinaweza kusema masomo hayo mawili lazima yatoke katika orodha fulani, na kinaweza kuongeza sharti la Hisabati, ama ufaulu wa kidato cha nne ama somo la hisabati la ziada la kidato cha sita linaloitwa BAM. Hapa ndipo swali la mtoto ambaye hakusoma Uhasibu linapopata jibu. Programu nyingi za usimamizi wa biashara hazimfungii mlango aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) au hata tahasusi za sayansi, kwa kuwa masomo ya msingi ya uhasibu hufundishwa upya mwaka wa kwanza. Aliyetoka ECA ataanza akiwa na wepesi wa wiki chache, na wepesi huo humletea hatari yake: wengi wao hudharau muhula wa kwanza kwa kudhani wanayajua yote, wakastuka muhula wa pili.

Mlango wa tatu ni ushindani. Nafasi zikiwa 100 na waombaji wenye sifa wakiwa 900, chuo kitachukua walio juu zaidi. Mwenye pointi 4 atakuwa na sifa kamili na bado atakosa nafasi, na hilo halimaanishi kwamba amefeli chochote. Ushauri wangu wa kila mwaka ni kwamba mtu asiombe chuo kimoja tu chenye msongamano; aombe pia vingine vinavyofundisha shahada hiyo hiyo kwa ithibati ile ile. Maombi siku hizi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoorodhesha programu, masharti yake na idadi ya nafasi. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Vijana husahau hatua hii, na nafasi waliyoitolea jasho hupotea kwa kukosa ujumbe mmoja wa uthibitisho.

Kuna njia nyingine ya kuingilia ambayo haipewi heshima inayostahili, nayo ni stashahada. Aliyemaliza stashahada ya fani inayohusiana, kwa mfano usimamizi wa biashara, uhasibu, masoko au ununuzi na ugavi, anaweza kuomba shahada akiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia alama D, yasiyo ya dini. Baadhi ya vyuo huweka kiwango cha juu zaidi ya hicho. Yule ambaye kidato cha sita hakikumwendea vizuri, au aliyeanzia cheti baada ya kidato cha nne, hufika mahali pale pale kwa njia hii, na mara nyingi hufika akiwa ameizoea mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, kuliko wenzake. Chuo Kikuu Huria nacho kina programu ya msingi kwa wale ambao alama zao za kidato cha sita zilipungua kidogo.

Swali la pembeni ambalo sharti nilijibu ni hili: je, shahada ya taasisi kama Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, au Chuo cha Usimamizi wa Fedha, ni shahada kamili? Ni kamili. Taasisi hizo zilikulia katika mfumo wa elimu ya ufundi, ambao huita ngazi ya shahada ya kwanza NTA ngazi ya 8, na ngazi hiyo hulingana na shahada ya kwanza ya chuo kikuu.

Kwa wasomaji wa Kenya, picha ni ile ile ila vipimo ni vingine. Huko mlango wa kwanza wa shahada ni wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na upangaji wa nafasi husimamiwa na KUCCPS kwa kutumia makundi ya masomo, ambamo Hisabati ina uzito mkubwa kwa shahada za biashara. Watu huuliza kwa nini BCom ya Nairobi imekuwa ya miaka 4 na ya Dar es Salaam ni ya miaka 3, kana kwamba moja imepunguzwa. Hesabu ni rahisi: mwanafunzi wa Kenya wa mfumo wa 8-4-4 alifika chuo kikuu baada ya miaka 12 ya shule, na wa Tanzania baada ya 13, yaani 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya sekondari ya juu. Ukijumlisha shule na shahada, wote wawili hutoka na miaka 16. Mfumo mpya wa Kenya wa 2-6-3-3-3 nao unalenga shahada ya miaka 3.

Ndani ya darasa: maswali ya duka moja

Sasa tuingie ndani. Orodha ya masomo ya shahada hii humchanganya anayeiona mara ya kwanza, kwa sababu ina uhasibu, sheria, takwimu, uchumi, saikolojia ya watu kazini na kompyuta, na haionekani ni kitu gani kinachoyafunga pamoja. Mimi huyafunga kwa duka. Tuchukue mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa mji wa Morogoro, anayeuza saruji, nondo, mabati na misumari, akiwa na wafanyakazi 4. Karibu kila somo la BBA ni jibu la swali linalomkosesha usingizi mama huyu.

Swali lake la kwanza ni: nauza kila siku, mbona sina hela? Wanafunzi wengi huingia chuoni wakiamini kwamba faida na fedha taslimu ni kitu kimoja, na somo la kanuni za uhasibu la mwaka wa kwanza huvunja imani hiyo. Tuseme mama amenunua mifuko 200 ya saruji kwa shilingi 15,000 kila mmoja na kuilipia yote taslimu, jumla shilingi 3,000,000. Ameiuza yote kwa shilingi 17,000, jumla shilingi 3,400,000. Faida ghafi yake ni shilingi 400,000. Lakini mifuko 100 kati ya hiyo ameichukua mkandarasi kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi 2. Kwenye droo zimeingia shilingi 1,700,000 tu, wakati zilizotoka ni 3,000,000. Vitabu vinasema amepata faida ya 400,000, na droo inasema ana upungufu wa 1,300,000, na vyote viwili vinasema kweli. Mwanafunzi atakayelielewa jambo hili vizuri ataelewa kwa nini kuna taarifa ya mapato na matumizi, kwa nini kuna mizania, na kwa nini taarifa ya mtiririko wa fedha imetengwa nazo. Anayekariri upande wa debiti na upande wa krediti bila kulielewa atahangaika mpaka mwaka wa tatu.

Swali la pili: niuze mifuko mingapi ndipo nianze kupata kitu? Hilo ni la uhasibu wa gharama, pamoja na hisabati za biashara. Kodi ya pango, mishahara na umeme vikifika shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na kila mfuko ukimwachia shilingi 2,000 baada ya kutoa bei ya kununulia, basi mifuko 600 ya kwanza inalipa gharama tu. Mfuko wa 601 ndio wa kwanza kumlisha yeye. Hesabu hii ni ya kugawanya, ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ugumu wake uko katika kujua gharama ipi inabadilika na mauzo na ipi haibadiliki, na hapo ndipo mwalimu hutumia wiki nzima.

Hivyo basi, dhana kwamba shahada ya biashara haina hesabu si kweli, na dhana iliyo kinyume chake, kwamba ni ya magwiji wa hisabati, nayo si kweli. Kuna hisabati za biashara, kuna takwimu, na kuna somo la fedha ambalo msingi wake ni wazo moja: shilingi ya leo haina thamani sawa na shilingi ya mwakani. Milioni 1 iliyowekwa leo kwa riba ya asilimia 10 itakuwa 1,100,000 baada ya mwaka, kwa hiyo anayekuahidi milioni 1 mwakani amekuahidi pungufu ya milioni 1. Anayeogopa Hisabati kwa sababu ya jiometria ya sekondari atashangaa kwamba anazimudu hizi, ilimradi afanye mazoezi kila wiki. Wanaoshindwa niliowaona karibu wote walishindwa kwa kuacha mazoezi mpaka wiki ya mtihani.

Masomo mengine ya mwaka wa kwanza nitayapita haraka. Uchumi hueleza kwa nini bei ya nondo hupanda hata mama asipofanya kosa lolote. Sheria za biashara humweleza kama ahadi ya mdomo ya mkandarasi ni mkataba, na atashtaki wapi. Stadi za mawasiliano humfunza mwanafunzi kuandika ripoti na kutaja vyanzo vyake, na somo la kompyuta humfunza kupanga hesabu kwenye jedwali. Wanafunzi huyaona haya kuwa masomo ya kujaza ratiba, na wakifika mwaka wa tatu, wanapotakiwa kuandika ripoti ya utafiti, huja kuomba msaada wa mambo yale yale waliyoyakimbia.

Mwaka wa pili shughuli nzima huanza kufunguliwa idara kwa idara. Masoko huuliza nani hasa ananunua mabati, mwenye nyumba au fundi anayemshauri mwenye nyumba, kwa kuwa jibu hubadilisha mahali pa kuweka tangazo. Rasilimali watu hushughulika na wale wafanyakazi 4: mikataba yao, likizo zao, na masharti ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ambayo waajiri wengi wadogo hawajawahi kuisoma. Uendeshaji huuliza ahifadhi saruji kiasi gani, maana ikizidi itagandia ghalani na ikipungua mteja ataenda kwa jirani. Somo la kodi humfikisha kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na EFD, mashine ya kutolea risiti, na kuonyesha kwamba VAT anayokusanya kwa mteja haikuwa pesa yake tangu mwanzo. Kosa la kuihesabu kama pato limezamisha wafanyabiashara wazuri.

Mwaka wa tatu ndio unaoipa shahada hii sababu ya kuwepo. Somo la mkakati humtaka mwanafunzi atumie yote kwa pamoja. Mama afungue tawi Kilosa au aongeze bidhaa pale alipo? Mhasibu atasema fedha hazitoshi, mtu wa masoko atasema fursa inapita, na mtu wa rasilimali watu atauliza nani atalisimamia tawi. Wote wana haki kwa upande wao, na anayesoma usimamizi wa biashara hutakiwa kupima kauli zote tatu, kutoa uamuzi na kuutetea kwa maandishi. Pamoja na hilo kuna ujasiriamali, mbinu za utafiti, na ripoti ya utafiti ambayo mwanafunzi huiandika chini ya msimamizi.

Katikati ya yote hayo kuna mafunzo kwa vitendo, yanayoitwa fildi, mara nyingi ya wiki 8, ambapo mwanafunzi hufanya kazi katika ofisi au kampuni, huandika kila siku alichofanya, na hutembelewa na mwalimu wake. Ninasikitika kusema kwamba wapo wanaotafuta muhuri tu na kurudi nyumbani. Wanajinyima fursa ya kuona hesabu zenye makosa ya kweli, wateja wasiolipa, na bosi asiyesoma ripoti ndefu, mambo ambayo darasani hayapo.

Saa, alama na zile asilimia 40

Uzito wa masomo haya hupimwa kwa krediti. Katika mfumo wa TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka. Zigeuze kuwa saa na utapata 1,200 kwa mwaka. Zigawe kwa wiki 30 za masomo na utapata saa 40 kwa wiki, sawa na kazi ya kuajiriwa. Somo la krediti 12 ni saa 120, na mwalimu akifundisha saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, amechukua 45. Zile 75 zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe, kwa kusoma, kufanya mazoezi na kazi za kikundi. Ratiba inayoonekana kuwa na nafasi nyingi wazi imekwisha kujaa kwa hesabu hiyo.

Neno linaloeleweka vibaya kuliko yote ni alama za muhula, wanazoziita kosiweki. Katika vyuo vingi nchini, majaribio, kazi za nyumbani na mawasilisho ya kikundi hubeba asilimia 40 ya somo, na mtihani wa mwisho asilimia 60. Alama A huanzia 70. Aliyeingia chumba cha mtihani na 30 kati ya 40 anahitaji 40 kati ya 60 ili apate A. Aliyeingia na 16 anahitaji 54 kati ya 60 kwa alama ile ile, jambo ambalo ni nadra sana. Kwa maneno mengine, A nyingi hupatikana au hupotea wiki kadhaa kabla ya mtihani. Anayeshindwa somo hufanya mtihani wa marudio, maarufu kama sapu, na masomo yakishindikana kupita kiasi au wastani ukishuka chini ya kiwango, mwanafunzi huondolewa masomoni, yaani hudisko. Lugha ya vijana huifanya ionekane nyepesi, lakini nimewaona wazazi wakipokea habari hiyo, na si nyepesi.

GPA nayo si wastani wa kawaida wa alama, bali ni wastani unaozingatia uzito wa somo. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Mwenye B+ katika somo la krediti 12 na C katika somo la krediti 8 atazidisha 4 kwa 12 kupata 48, na 2 kwa 8 kupata 16, kisha atagawanya jumla ya 64 kwa krediti 20, apate 3.2. Angechukua wastani wa juu juu angesema 3.0. Inafaa mwanafunzi ajue mapema somo lipi ni zito. Mwishoni, GPA ya 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Mpaka wa 2.7 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndio kiwango kinachodaiwa kwa kawaida kwa anayetaka kuendelea na uzamili moja kwa moja.

Limebaki swali la kama mhitimu wa BBA ni mhasibu au mfanyabiashara. Kwa shahada hiyo pekee, si mhasibu mwenye cheti cha kitaaluma. Cheo cha CPA hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kwa mitihani yake yenyewe, na fani ya ununuzi na ugavi ina bodi yake pia. Shahada humfungulia njia ya kuifikia mitihani hiyo, na anayelenga huko atafanya vyema kuchukua masomo mengi zaidi ya uhasibu pale programu inapomruhusu kuchagua. Wala shahada haimpi mtu mtaji au ujasiri wa kufungua duka. Inachompa ni uwezo wa kukaa na yule mama wa Morogoro, kufungua daftari lake la madeni, na ndani ya saa moja kumwonyesha kwamba faida yake yote ya miezi 3 iko kwa wakandarasi wawili.